Chokaa ya Nyumba ya Mama

Nyansiongo,
S.L.P. 41,
Kisii.
11 Agosti, 1968.

Mpendwa wifi yangu Kemuma,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe, na shemeji mumeo hajambo? Na kifua cha Ombui kimepona, au bado mtoto anakohoa? Jina lake halikosi katika maombi yetu. Sisi huku tu wazima. Ng'ombe wawili wamezaa, na mahindi yamesimama vizuri isipokuwa yale ya bondeni ambayo mvua ya mawe iliyachanachana. Naandika kwa Kiswahili ili shemeji naye ajisomee mwenyewe, asisimuliwe nusu.

Barua yako ya Juni ilifika. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Uliandika kwamba umesikia kwa watu mama anakonda mikononi mwangu, na kwamba Desemba utakuja kumchukua mwende naye Tabora. Iliniuma, wifi, sikufichi. Sikukujibu wakati ule kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira afadhali isifike posta. Tena uliyoyasikia yalikuwa kweli. Mama alikuwa anakonda, na mimi nilikuwa sijui kwa nini.

Wewe hujaiona nyumba tuliyompa. Shemeji aelewe kwamba kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, lazima awe na yake. Basi tulipomtoa kwake Nyamarambe tulimpa kile chumba ambacho Mzungu aliyekuwa na shamba hili kabla yetu alikuwa akiwekea maziwa yake. Kuta ni za simiti, sakafu simiti, juu mabati, na dirisha la kioo. Kaka yako Makori alikipaka chokaa ndani na nje, akarudia mara ya pili, kikawa cheupe kama ganda la yai. Halafu akawaambia wazee wenzake wa kanisa kwamba hakuna mama mzee katika Borabu nzima aliye na nyumba kama ile. Na kwa kweli hakuna.

Mama akaingia, akashukuru. Haikupita wiki akawa anakaa nje chini ya ukingo wa mabati kutwa nzima, amejifunika blanketi, hata manyunyu yakinyesha. Nikimpelekea chakula ndani, anakula matonge mawili na kusukuma sahani. Akaanza kusema turudishe mifupa yake Nyamarambe akafie kwake, na wewe unajua nyumba ya kule ilishaanguka. Makori akampeleka hospitali. Hawakuona ugonjwa, wakampa dawa ya kuongeza damu. Aliporudi hali ilikuwa imezidi, Sabato ile nzima hakunena neno na mtu.

Hapo nikaanza kumchunguza. Unajua jiko langu lilivyo, kuta za udongo zimekuwa nyeusi kwa moshi, ukiingia kutoka juani huoni kitu mpaka macho yazoee. Siku moja mvua ilimfukuza mama kule nje akaja humo. Nikamkatia ugali wa wimbi na mboga za sagaa, akala akamaliza, akamtania jirani yetu Nyanchama kwamba anakaanga vitunguu kama mtu anayeogopa sufuria. Kesho yake nikapika kile kile, nikampelekea kwenye nyumba nyeupe, akakataa. Chakula kile kile, mkono ule ule. Nikasema basi, si chakula na si mimi.

Nikaanza kuitazama hata sebule yetu wenyewe, ile yenye rangi ya maziwa aliyoiacha Mzungu. Wageni wakiingia humo hukaa wima kama wako mbele ya Bwana DO wa serikali, hunong'ona, hunywa chai nusu kikombe na kuaga. Wageni hao hao wakikosea njia wakaingia jikoni, hawaondoki mpaka ng'ombe warudi. Hata Makori mwenyewe sebuleni huniita "mama watoto" kwa sauti ya mimbarini, na jikoni huniita Gesare. Miaka mitatu nimeishi humu na sikuwahi kuona kwamba ukuta nao una maneno yake.

Nikamuuliza mama waziwazi, tukimenya ndizi, nyumba ile ina nini. Akasema, "Baba yenu alilala wodini akitazama ukuta kama ule mpaka pumzi ikamwisha. Mimi kila nikifumbua macho humo ndani, namngoja daktari."

Nililia, wifi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulidhani tumempa nyumba ya heshima, kumbe kila usiku tunamlaza hospitali.

Nilimwambia Makori kwamba ukuta ule lazima ukandikwe udongo. Akanitazama kama nimemwambia tuchome kanisa. Akasema, "Watu watasema nilipewa nyumba ya Mzungu nikaifanya zizi." Nikamuuliza nyumba ni ya watu au ni ya mama. Akasema maneno yameisha, hataki kuyasikia tena. Usimkasirikie kaka yako. Alibeba ile chokaa kichwani tangu sokoni Nyakoe, na mtu hapendi kuona jasho lake likipakwa mavi ya ng'ombe. Lakini kwangu mimi maneno hayakuwa yameisha.

Jumatatu iliyopita akaenda makambi na watoto, wiki nzima ya mahubiri. Mimi nikabaki na mama, na alivyotoka langoni tu nikachukua jembe. Nilisema moyoni, akirudi na anifukuze, lakini atakuta mama yake yuko hai. Tukachimba udongo mwekundu kule mtoni mimi na Nyanchama, tukaukanda na mavi ya ng'ombe, tukaanza ukuta wa mlangoni. Wapita njia walisimama kuona. Mmoja aliuliza kama mke wa mzee wa kanisa amerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo, na kama ana nguvu aje anishikie ndoo.

Udongo haukushika. Chokaa ni laini, kila tulichobandika kilikaa kidogo kikaporomoka chini. Tulifanya hivyo mpaka jua la mchana, sakafu imejaa tope na ukuta bado mweupe. Nyanchama akasema tuache, nami nikasema labda aache yeye. Hapo tukasikia sauti ya mama kutoka kwenye kigoda chake, "Mnakandika au mnaupiga ukuta?"

Akaja. Yule ambaye watu wamekuambia anakwisha alikuja bila fimbo. Akataka panga, akaukwaruza ukuta juu chini mpaka ukawa na meno, akaulowesha maji, akatuamuru tuongeze majivu na tupunguze udongo. Alichota kwa mkono wake akalipiga tonge la kwanza, nalo likabaki pale pale. Tangu hapo sisi tukawa vibarua wake. Alitusuta mpaka tukachoka kucheka, wewe unamjua akiwa na kazi. Chini akataka mweusi wa mkaa mpaka usawa wa goti, katikati udongo mwekundu, juu majivu. Siku ya tatu kazi ikaisha, tukawasha moto kukausha, na chumba kile ambacho mwanga wake ulikuwa unachoma macho kikatulia. Usiku ule mama alilala ndani mlango umefungwa, na asubuhi aliniomba uji kabla sijamuuliza.

Makori alirudi jana jioni. Alisimama mlangoni na Biblia yake kwapani, nami nyuma yake. Mama akamwita, "Ingia, mbona unasimama kama mtoza kodi?" Akaingia. Akaketi kwenye kigoda magoti yakimgusa kidevu, akapewa ugali, akaanza kumsimulia mama nyimbo zote za makambi. Nilipowaacha walikuwa wanaimba. Alipokuja kulala aliniambia, "Ungeniambia." Nikamwambia, "Nilikuambia." Akaomba nje tusipaguse. Nimekubali. Nje pabaki peupe pa watu, ndani ni pa mama.

Sasa nije kwenye lako, na nitalisema bila kuzunguka. Mama haendi Tabora. Mimi sikubali, na nimemuuliza yeye mwenyewe naye hataki. Hizo nyumba za reli mnazokaa umeniandikia kwamba zote zimepakwa rangi moja ya serikali, na huwezi kupiga hata msumari bila ruhusa. Mtu akishapata ukuta wake asitolewe tena. Desemba njoo, lakini njoo kama mtoto anayekuja kumwona mama yake, na uje na nguo kuukuu ya kazi.

Nguo ya kazi nina maana yake. Siku tulipomaliza, niliona mama ameacha sehemu ya ukuta upande wa kichwa cha kitanda, upana wa mikono miwili, chokaa tupu. Nikadhani macho yamempita, nikachota udongo nipazibe. Akanishika mkono. Akasema, "Hapo ni pa Kemuma. Akija ataweka mkono wake." Nikamwambia, mama, lakini hapo ndipo utakapotazama kila ukiamka, na weupe huo ndio uliokuwa unakuua. Akasema, "Hapo simngoji daktari. Namngoja mwanangu."

Basi pako vile vile. Hataki mtu apaguse, na udongo wako nimeuweka kwenye mtungi nimeufunika majani ya mgomba usikauke.

Nisalimie shemeji, mwambie yule ng'ombe tuliyemzawadia anamngoja, ana ndama. Mbusu Ombui na wadogo zake. Nyanchama anakusalimu, anasema mgongo bado unamuuma kwa ajili ya mama yako. Makori ataandika kwa mkono wake akishapoa. Mungu akulinde njiani na kwenye reli, akufikishe mlangoni kwetu ukiwa mzima, nawe utukute sote wazima.

Ni mimi wifi yako, wako akupendaye hata ukinikasirikia,

Gesare.