Jina la Duka Letu

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Faiza amefika kutoka Bradford! Binti wa ami yangu, mara yake ya kwanza Machakos. Kabla hajaweka begi chini akatazama juu ya mlango wa duka, akabadilika uso. PAKI DRAPERS. Herufi nyekundu, ziko pale tangu sijaanza shule. Akaniuliza nani alituandikia tusi. Nikacheka! Nikamwambia wateja walikuwa wakisema "twende kwa Paki", basi fundi wa rangi akaandika vile watu wanavyosema, na Baba akaacha. Tusi gani? Ni Pakistan tu, imekatwa mkia.

Faiza hakucheka. Kwao Uingereza neno hilo huja na tofali. Mwezi uliopita tofali lilipita kwenye dirisha la sebuleni, mama yake akiwa anaswali. Neno kwanza, halafu tofali.

Chai yangu ilipoa, sikuinywa.

Jumatano, 8 Agosti

Sasa nalisikia kila mahali. Paki, uko na kitambaa ya sare? Paki, salimia watu wa nyumbani. Siku nzima! Watu wazuri, wanacheka na sisi, na mimi najikunja kama mtu aliyekanyaga msumari.

Nimemwambia Baba tulifute. Akasema watu hawana ubaya, jina limezoeleka, na nisimletee mambo ya Ulaya dukani. Ya Ulaya! Babu yake alitoka Lahore wakati nchi hiyo ya Pakistan haijazaliwa. Baba amezaliwa Masii, hapa hapa Ukambani. Akiota huongea Kikamba, Mama ni shahidi. Tumebandikwa nchi ambayo hatujawahi hata kuiona, na bado imekatwa nusu!

Ijumaa, 10 Agosti

Nimekasirika! Musembi wa duka la saruji amepanga magunia yake mbele ya mlango wetu. Baba akamwomba kwa upole asogeze. Musembi akapaza sauti, barabara nzima isikie: "Nyinyi Mapaki mmezoea sana! Rudini kwenu!"

Kwenu wapi? Masii?

Hakuna aliyecheka. Neno ni lile lile la asubuhi, la sare na salamu. Baba akayasogeza magunia mwenyewe, moja moja, bila kuinua macho. Mambo ya Ulaya, Baba?

Ni Ndinda tu aliyetutetea. Anauza machungwa kwenye baraza letu, ni mjamzito, mwezi wake umefika, na bado alisimama akamwogesha Musembi matusi ya Kikamba hadi Musembi akaingia ndani. Kisha akamgeukia Baba: "Wachana na yeye, Paki."

Hata yeye! Nikalipuka. Nikamuuliza, alipokuwa yaya Nairobi, watoto aliowalea walikuwa wakimwitaje. Uso ukamwanguka. "Kao." Nikamwambia si ni Mkamba tu, kwa kifupi? Akapangusa chungwa moja muda mrefu.

"Na miaka hii yote, Suma, si mlikuwa mnaitika?"

Akauliza basi Baba amwite nani. Mzee Ayub, nikasema. Akalirudia polepole, kama anaonja.

Jumanne, 14 Agosti

Mvulana! Ndinda alishikwa na uchungu palepale barazani, kati ya machungwa. Mume wake yuko Mombasa kazini. Baba akafunga duka — Baba, ambaye hata homa haimfungishi duka! — akatupeleka hospitali na pikapu, akipiga honi njia yote. Kisha akakaa kwenye benchi, hakula, hakunywa, hadi mtoto alipolia. Akalia naye. Manesi walidhani ni babu wa mtoto.

Jumatano, 15 Agosti

Nimenunua rangi nyeupe. Baba ameliangalia kopo. Akarudi kupima kitambaa.

Ijumaa, 17 Agosti

Masii. Naandika nyuma ya ghala la Susu Mukai, mama mkwe wa Ndinda. Nimesema naenda chooni.

Leo mtoto anapewa jina. Kwao mama hachagui, susu, yaani bibi wa mtoto, ndiye hutoa, na likishatoka halirudishwi. Halafu kila mwanamke anampokea mtoto na kumwita, ndipo jina limshike. Tumealikwa sote, na Baba amekalishwa kiti cha mbele. Susu akasimama akasema mzee huyu alifanya kazi ya mwanangu ambaye hakuwepo, kwa hivyo mtoto ni yeye, achukue jina lake. Baba akainuka, mkono kifuani.

"Anaitwa Paki!" Susu akatangaza.

Vigelegele! Susu mwenyewe alicheza, na miguu yake ile mibovu.

Nilimtazama Ndinda. Akaninong'oneza kwamba alimwambia Susu, wallahi alimwambia, ni Mzee Ayub. Susu akamjibu: "Ayubu wamejaa kanisani. Paki ni mmoja tu."

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani! Musembi ningemjibu. Lakini huyu mama anatupa kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo, na ndani yake kuna tofali. Na mtoto je? Siku moja ataenda mbali, ataulizwa jina, atalisema kwa kujivunia.

Faiza alipompokea alilia. Wanawake wakampigia makofi, wakidhani ni furaha.

Nilimvuta Baba kando. Sema kitu! Wewe ukisema, Susu atasikia. Akatazama viatu vyake.

"Nimechelewa, Suma. Ningesema siku ile fundi alipopanda ngazi."

Kumbe lilimuuma. Miaka yote hiyo, akiitika!

Susu anaita. Nimebaki mimi tu. Wote wamemwita, anasema, na jina lililonyamaziwa hata na mtu mmoja ni jina bovu. "Suma! Kuja umwite mtoto, akujue!"

Nimechungulia. Ndinda ametoka naye uani, ananingoja. Amemfunika masikio kwa ncha ya leso, kama anayemkinga upepo, na leo Masii hakuna upepo.