Hata kwa Nyongeza Hawanitaki

Jumapili, Februari 2

Tumefungwa tena mechi ya kikapu. Kocha kanikalisha benchi mpaka kipenga cha mwisho. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Osgood, lile pandikizi la mtu tunalocheza nalo, kaniuliza mbele ya wote: Tavaris, leo dereva wako nani? Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka nao! Sina haya kweli.

Mwezi uliopita niligonga basi la kanisa nikiwa chakari, nikawaambia polisi dereva ni binamu yangu, Kendrell, aliyekaa pembeni yangu. Kendrell niliyekuwa naishi naye, aliyekuwa ananipikia. Katazama chini, kasema ndiyo, ni mimi. Rumande kalala yeye. Kamera ya kituo cha mafuta ndiyo iliyoniumbua, naye akarudi zake kwao.

Jumanne, Februari 4

Wakala wangu, Pruitt, kapiga. Soko la kubadilishana wachezaji linafungwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Kabla ya Krismasi timu zilikuwa tayari kutoa nafasi zao mbili za kuchagua chipukizi wapya wa msimu ujao ili zinipate. Leo? Klabu yangu ndiyo inayotoa nafasi kama nyongeza, ili mtu anichukue! Godoro la kunguni — unaongezea na shuka ili mtu alibebe. Na bado hakuna anayebeba.

Nikasema, lakini goti langu ni zima, mitupo inaingia. Pruitt kasema kaka, goti lako hajauliza hata mmoja.

Jumatano, Februari 5

Ipo timu moja, ya Texas. Inasitasita. Mchezaji akiwa na doa wanapiga simu nyumbani kwake kwanza — mchungaji, kocha wa sekondari, aliyemlea. Aliyenilea ni mama mdogo Vernell, kule Shreveport. Mama yake Kendrell! Pruitt anasema mpigie wewe kabla yao, mlainishe kidogo.

Uso wa kumpigia nautoa wapi? Nimeshika simu asubuhi nzima, nikaiweka. Aibu inanitafuna.

Alhamisi, Februari 6

Saa nane na nusu. Mama mdogo kapiga mwenyewe. Hakunitukana — afadhali angenitukana! Kasema, Tav mwanangu, wale watu wa Texas wamenipigia. Swali lao moja tu: mama, wewe ungemkabidhi Tavaris mtoto wako wa kumzaa? Nimewaambia wanipe dakika chache. Sasa nijibu wewe. Nikukabidhi Kendrell tena?

Simu iko mezani, haijakatwa. Naandika ili nipate la kumjibu. Sitaki aseme ndiyo. Sitaki aseme hapana. Mungu wangu, nataka kucheza!

Namsikia Kendrell nyuma yake: Mama, waambie ndiyo, yaishe. Na hakuna aliyemwomba!

Mama mdogo kamkemea. Wewe nyamaza, sijakuuliza wewe, umeshamjibia vya kutosha.

Kisha karudi kwangu:

Tav, upo?