Dakika Kumi na Mbili kwa Miguu

Dada yangu,

Simu zako nimeziona. Nisamehe sikupokea, haya yamenishinda kuyasema kwa mdomo. Mimi na mwanao hatujambo. Goti langu limegoma tena kupanda ngazi za ofisini, na paka wako amezeeka, siku hizi anawatazama tu panya wakipita.

Umeuliza mwanao ana nafasi gani ya kuingia chuo kikuu cha huko uliko. Unaijua kazi yangu hapa shuleni: nasoma maombi ya wanafunzi na kukadiria nani ataingia wapi, na majina nayafunika kwa karatasi nisije nikapendelea. Jumatatu nilisoma insha moja, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Alama nzuri, lakini hasemi anataka kusomea nini. Nafasi finyu." Nilipobandua karatasi, nikakuta jina la mwanao.

Nilimwita. "Mama mdogo," akaniambia, "masomo yoyote tu. Nimepima kwenye ramani. Kutoka bweni lao hadi kazini kwa mama ni dakika kumi na mbili kwa miguu."

Vyuo vingine hajaomba hata kimoja.

Nimechoka, dada. Chuo kile huchukua wanne katika kila waombaji mia, na wetu sidhani atakuwemo. Mimi nilisomea kukadiria watoto, wazazi sikufundishwa. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe: miaka tisa imepita, wewe una nafasi gani ya kurudi?

Mdogo wako,
mwenye goti