Dakika Thelathini na Sita za Kipa wa Kangemi Friji

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kangemi Friji hawakushindwa, walikatizwa na Sabato — kasema leo Joash Okinyi, kipa wao wa kwanza na wa mwisho. Natafuta maneno mia nane ya gazeti kuhusu timu ya hoki ya barafu iliyodumu misimu miwili, ikafa 2009. Ligi ya timu tatu. Uwanja mmoja, ndani ya jengo lisilo na dirisha. Sasa ni ghala la vigae.

Wachezaji sita, wa akiba hakuna. Watatu Wasabato, watatu watu wa Jumapili. Mechi ya Jumamosi — wanacheza watatu. Ya Jumapili — wale watatu wengine. Msimu wa kwanza walifungwa mabao 141. Nimehesabu mara mbili.

Ligi ikawahurumia: Ijumaa, 13 Machi, saa kumi na moja jioni. Wote sita! Wakaongoza 2–1 dhidi ya Kileleshwa. Jua likazama, Sabato ikaingia, Joash akavua glavu, akaacha lango wazi. "Bwana kwanza, dada Mukai," ananiambia. "Bao baadaye." Kileleshwa wakafunga tisa. Timu haikukutana tena.

Ushuhuda huo ameutoa kanisani miaka kumi na sita. Jumamosi hii anawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Makala ni ya Jumapili. Hadithi nzuri. Nzuri mno.

Jumanne, 10 Juni

Sokoni Kangemi, kwa Veronicah Nakhumicha, aliyekuwa nahodha. Sasa anauza viatu vya mitumba. Wanamwita Mama Ivyne. Nikamsomea maneno ya Joash. Alicheka mpaka mteja akarudisha kiatu chini.

"Jua lilizama? Kwani aliliona wapi, kwa ukuta?"

Kisha akaacha kucheka. Akina mama wa kanisa la Joash hawanunui kwake. Wanasema ndiye aliyemshika jezi asimwendee Mungu.

Akatoa karatasi ya mechi kwenye boksi la viatu. Mwandiko wa mtunza saa: kipa ametoka, 6:09 jioni.

Nimeangalia machweo ya siku hiyo. 6:45. Dakika thelathini na sita! Hakuna Mkenya anayewahi chochote kwa dakika thelathini na sita.

Alhamisi, 12 Juni

Mtaa wa Satellite, karakana ya Joash. Ni fundi wa friji — karakana hii ndiyo iliyoipa timu jina. Nikaweka karatasi juu ya friza. Akasoma. Akafungua friji ya mtu, akaifunga.

"Kulikuwa na baridi, dada."

Basi. Fundi wa friji!

Yakatoka polepole. Vidole vilikufa ganzi, havikuwa na habari. Akatoka nje, jua liko ukutani, tamu. Akasema dakika mbili. Akaegemea ukuta, akasinzia. Kuamka — jua linazama kweli. Sasa Sabato imeingia, hawezi kurudi kucheza! "Hapo sikudanganya." Pasta alikuwa anapita, akauliza mbona amesimama hapo na jezi. Akajibu: Sabato, Pasta. Pasta akalia machozi.

"Ningemwambiaje mtu analia?"

Nikamuuliza kuhusu Mama Ivyne. Alisema hakujua kwamba akina mama bado hawanunui kwake. Nadhani alijua.

Ananiomba nisiandike. Kisha: niandike, ila nisitaje usingizi. Nikamwambia usingizi ndio habari yenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Mhariri: ukurasa unafungwa kesho saa nane mchana. Nina makala mbili, moja tu ni ya kweli. Hiyo ina maneno 790. Nafasi ya maneno kumi ya Joash, akiyapata.

Mama Ivyne kapiga simu. Amewapata wote wanne waliobaki, hata wa Kitale. Wanakuja kanisani kesho na jezi. "Sisi tunakaa tu, tunasikiza. Si ni ibada?" Alisema kwa upole uliofanya nikae wima.

Hiyo itakuwa Jumamosi ya kwanza Kangemi Friji kutimia sita.

Joash naye ametuma ujumbe. Pasta amempa dakika tano za ushuhuda kabla ya kuwekewa mikono. "Kiti cha Mama Ivyne nimekiweka mbele. Wa kumwambia ukweli ni mimi, si wewe. Lakini kuja. Nikianza na jua, unikoholee."

Ushuhuda ni saa nne na nusu. Nitafika saa nne. Kifua changu ni kizima kabisa; nikikohoa, ni kwa ajili ya jua.