Shangazi, Usimpe Manukato Jina Lako

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la viatu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu, nyingi mpaka zinamwagika njiani. Mguu unaendeleaje? Umeanza kushuka ngazi bila fimbo, au bado unajikaza mbele za watu na kugumia ukiwa peke yako? Nakujua. Sisi huku wazima, na mimi ni mzima kupita kiasi. Ndoa imenikubali, Shangazi! Asubuhi naamka kabla ya mume wangu ili nimtazame tu anavyolala, mdomo wazi, na naona hakuna mwanaume duniani aliyewahi kulala mdomo wazi akapendeza namna ile. Cheka tu. Hata wewe uliwahi kuwa bibi harusi.

Shuka zako zimefika salama. Ile ya maua tumeshaitandika. Nyeupe nimeificha, maana huyu mkweo hunywa chai kitandani.

Sasa nina jambo. Uliponiandikia kwamba hadithi zako za watoto ziko tayari kuchapwa, na kwamba unataka tovuti yako mwenyewe ili wasomaji wakupate, niliruka hadi jirani wa chini akagonga dari. Nikageuza ukurasa, nikakuta kazi hiyo umempa Manukato. Furaha ikaniishia papo hapo.

Huyo bwana namjua. Mume wangu alifanya kazi ofisini kwake kabla hajafungua hiki chumba chetu cha kutengeneza tovuti. Tunamwita Manukato kwa sababu harufu yake hufika kabla yake na hubaki akishaondoka, na ndicho kitu pekee anachomwachia mteja. Ofisi ni ya vioo, ua ni la plastiki, na ukutani kuna picha yake kubwa ameshika kalamu ambayo sijawahi kusikia imeandika kitu. Debe tupu, ila lililopakwa rangi.

Unasema amekuita Malkia wa Kalamu. Pole, Shangazi. Wote anawaita hivyo. Nilizifungua tovuti alizowatengenezea waandishi, moja baada ya nyingine. Maneno ni yale yale, amenakili na kubandika. Yuko bwana mmoja aliyeandika kitabu cha ufugaji wa kuku, ana ndevu mpaka kifuani, na chini ya picha yake imeandikwa: Malkia wa Kalamu. Mpaka leo yupo hapo na ndevu zake na umalkia wake. Mtu asiyemtazama hata mteja usoni ndiye wa kumkabidhi jina?

Maana hilo ndilo linaloniumiza. Akikutengenezea tovuti, anwani yake, lile jina lako ambalo msomaji ataliandika ili akufikie, haiandikishi kwa jina lako. Anaiandikisha kwa jina lake yeye. Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe unatoka pale unang'aa, hujui umeacha nini mezani.

Sikuambii ya kusikia. Yuko mkunga mmoja mstaafu, tunamwita Bibi Mkunga, aliyeandika kitabu kuhusu maisha yake ya kazi. Alipitia kwa Manukato. Anwani ya tovuti ikachapwa nyuma ya kila kitabu. Baadaye wakakorofishana kwa jambo dogo tu, alitaka picha yake ibadilishwe, na yule bwana akaona anasumbuliwa. Bibi akaaga. Siku chache baadaye akapigiwa simu na mama mmoja aliyemzalisha zamani.

“Mkunga, kumbe siku hizi umeacha watoto unauza magodoro?”

“Magodoro gani, wewe?”

“Si nimefungua hiyo anwani ya nyuma ya kitabu! Magodoro matupu. Tena yana punguzo.”

Shangazi, Manukato alikuwa amelipangisha jina la yule bibi kwa muuza magodoro. Bibi akamfuata ofisini. Yule bwana hakuinuka hata kwenye kiti.

“Mama, jina lako ni lako huko nyumbani kwako. Mtandaoni ni langu, nililiandikisha mimi.”

Bibi akamtazama. “Mwanangu, mimi nimepokea watoto wa nusu ya mji huu. Sikuondoka na hata mmoja nikidai ni wangu kwa kuwa nilimshika wa kwanza.”

Akaja kwetu. Na hapa ndipo uone mume niliyempata! Yeye ana desturi moja, na Manukato alikuwa akimcheka kwa hiyo. Siku ya kuandikisha anwani, hagusi kibodi. Anamkalisha mwandishi kwenye kiti chake mwenyewe, anasimama nyuma, anafunga mikono mgongoni, na anaelekeza kwa mdomo tu. Barua pepe ni ya mwandishi, neno la siri ni la mwandishi, na wakati wa kuliandika yeye hugeukia dirishani. Bibi Mkunga alitafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Mikono ya mume wangu haikutoka mgongoni. Nilitamani kumbusu mbele ya mteja.

Lakini lile jina lenyewe limebaki kwenye magodoro mpaka leo. Ilibidi Bibi aongeze neno Mkunga kwenye anwani mpya, kisha tukakaa sakafuni kubandika karatasi ndogo nyuma ya vitabu vilivyobaki. Vilivyokwisha kuuzwa, ndiyo basi tena.

Usidhani nawatetea waandishi wote. Wengine nao, Mungu anisamehe! Mtunzi mmoja wa riwaya alidai tovuti yake iwe na neno la siri ili wezi wasimwibie maneno. Wezi hawakuja. Wasomaji nao hawakuja. Kisha mwenyewe akalisahau, akaja kutugombeza kwamba amefungiwa nje.

Najua utasema natafutia mume wangu wateja. Basi usije kwetu. Nenda kwa yeyote mwingine, ila uketi wewe kwenye kiti. Na kabla hujafanya hivyo, nakupigia magoti, usipeleke kwa mchapaji kitabu chenye anwani ya Manukato mgongoni. Watoto watakutafuta wakute nini, mito ya kulalia?

Siku ya ndoa yetu karani aliuliza aandike jina gani langu, la zamani au la mume. Nikamgeukia mwenzangu. Alikuwa amefunga mikono mgongoni, anatazama dirishani. Nikajibu mwenyewe.

Nisalimie Bibi mzaa baba, umpigie kelele asikie vizuri. Wasalimie wanao mapacha, na kaka yao mkubwa umwambie bado namdai zawadi ya harusi. Mkweo anakuamkia shikamoo. Mungu aunyooshe mguu wako na aibariki kalamu yako.

Ni mimi, mwanao akupendaye bila kipimo, yule uliyempa jina siku alipozaliwa, na bado analo.