Gari la Injinia Wangu Halijafa

Jumatatu, 3 Machi

Wamesema injini imekufa! Imekufa — na gari linanguruma mpaka vioo vya karakana yao vinatikisika! Maiti gani huyo mwenye sauti namna hiyo?

Haya, hujambo, daftari langu. Nimekutupa tangu zile sare za kwaya zianze. Nisamehe. Leo nina hasira, na hasira hii nataka uiweke.

Ni gari la mwanangu wa mwisho. Jekundu, milango miwili, viti viwili, limelala chini kama paka anayevizia. Kalinunua mwenyewe baada ya miaka tisa ya kupima barabara juani. Mimi namwita Injinia. Kazini wana jina jingine refu la cheo chake, lakini wao hawakumzaa. Alipokwenda kambini miezi mitatu aliniachia mimi ufunguo. Mimi! Si kaka yake, si baba yake mdogo. "Mama, liwashe kila Jumapili, lizungushe kidogo lisisahau kutembea." Na nikalizungusha. Nilijifunza gari nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mwalimu wa udereva alisema hajaona mguu mwepesi kama wangu. Nilimwambia ni pedali ya cherehani, baba, miaka thelathini.

Ugonjwa umeanza wiki tatu sasa, tangu nilipolipeleka kubadilishwa oili. Unakanyaga kidogo, injini inapanda. Unatoa mguu — haishuki! Inavuma yenyewe kama imepagawa. Leo nimelivutisha hadi karakana kubwa, ile ya vigae vyeupe ambako unapewa kahawa kabla ya salamu. Bwana wa tai katazama kompyuta yake, kasema mfumo wote wa mafuta umeoza, injini nayo basi, niuze tu. Boneti hakufungua! Nikamwambia kahawa yake pia imekufa.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja, mdogo wake marehemu mume wangu. Habari mbaya anazinusa kabla hazijaiva. Eti ana mnunuzi tayari, rafiki yake wa magari.

— Shemeji, umri wako na gari hili, wapi na wapi?

— Umri wangu ndio uliokushonea suti ya harusi yako. Mbona unaivaa mpaka leo?

Kisha kampigia Injinia mbele yangu, simu kwa sauti, ili aniaibishe. Mwanangu kasikiliza yote. Kisha kasema — naandika kama alivyosema — "Baba mdogo, mama akisema limekufa, liuzwe. Akisema halijafa, halijafa. Neno lake ndilo la mwisho. Narudi Jumamosi ya wiki ijayo."

Shemeji kaitia simu mfukoni! Nami nikatamka hapo hapo, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: halijafa!

Sasa lazima lisiwe limekufa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkamata mwizi! Nimemkamata kwa uzi!

Shemeji alinielekeza kwa fundi wanayemwita Profesa. Maneno mengi, mikono safi — fundi mwenye mikono safi saa sita mchana! "Wateja wanakaa nje, mama." Nikakaa nje. Nikapanda juu ya tairi bovu, nikachungulia juu ya mabati. Namwona anabeba betri ya Injinia, mpya kabisa, anaiweka nyuma ya pipa, anarudi na nyingine.

Nikaingia. Kasema mama umeona vibaya, betri ni ile ile. Nikamwuliza, uzi wangu uko wapi?

Maana mimi si mjinga. Siku ile kabla ya kwenda kubadilisha oili, jirani yangu muuza matairi alinionya kwamba wapo mafundi wanaochomoa kizima na kuweka kibovu. Basi nikachukua uzi namba arobaini, mweusi ili usionekane, nikafunga kila mahali mkono wangu ulipofika. Betri, mipira, nyaya, vispringi. Fundo langu la vifungo, mizunguko minne, halifunguki bila mkasi. Betri ya Profesa haikuwa na uzi. Ya nyuma ya pipa ilikuwa nao. Mbele ya wateja wake wote! Aliirudisha bila kunitazama, na mwanamke mmoja kwenye foleni akachukua funguo zake akaondoka.

Fundo la nani hilo? Langu.

Ila gari bado linavuma.

Jumamosi, 8 Machi

Nesi, mteja wangu, kaja kupima sketi. Nimemsimulia habari za Profesa, kacheka mpaka pini zikamchoma. Kasema yuko fundi mmoja, yuko peke yake, hana bango. Nesi aliwahi kumpelekea kigari chake; fundi akakizunguka, akasikiliza, akamwambia hakina kitu, nenda nyumbani. Hakutaka malipo. Wanamwita Fundi Kimya.

Fundi anayekataa malipo! Ama ni mwaminifu, ama ni mgonjwa. Nitajua Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Ua wa Fundi Kimya umefagiwa. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, na kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi, ikikosekana unaona pengo. Hapo moyo wangu ukalainika. Mikasi yangu pia ina misumari yake.

Hakugusa gari. Alileta vigoda viwili, akakaa kimoja, mimi kingine, akafungua daftari — anaandika kama wewe na mimi! Ndiyo desturi yake: kwanza mwenye gari aseme yote tangu mwanzo, naye anaandika. Na kazi ikianza, mwenye gari haondoki. Kila kinachotolewa anakabidhiwa kwenye mfuko, hata kama ni takataka.

Kaniuliza lilianza lini. Nikamwambia. Nani aligusa injini kabla ya hapo? Nikasema wale wa oili.

— Na mwingine?

— Hakuna.

Kalamu ikasimama.

— Hakuna kabisa, mama?

— Hakuna kabisa!

Kaandika. Kasema nirudi Jumatano, ana gari la mtu mwingine mbele yangu na hapendi kuruka foleni.

Mbona uso uliniwaka moto? Sijadanganya. Kufunga uzi si kugusa injini. Ni alama tu. Ni kama kutia pini.

Jumatano, 12 Machi

Limepona.

Nilikaa kwenye kigoda. Fundi Kimya kaliwasha, likavuma. Kachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha huku na huku juu ya injini kama daktari. Kalizima. Kainama. Kachukua kibano na mkasi mdogo, kata, vuta — kaniwekea kiganjani.

Uzi mweusi. Namba arobaini.

Nilikuwa nimeufunga kwenye kispringi kinachorudisha waya wa mafuta. Mguu ukitoka kwenye pedali, springi inataka kuvuta, uzi unaikaba. Ndiyo hayo tu! Kaliwasha tena, likakohoa, likatulia. Nikakanyaga mwenyewe — likapanda, likashuka. Lilinong'ona! Nikapiga vigelegele, sikuweza kujizuia.

Fundi Kimya alikuwa anatazama ule uzi.

— Hili fundo ni la mshona nguo.

— Ndiyo.

— Halijalegea hata kidogo. Na joto lote lile.

— Halilegei, nikamwambia, na ukweli ni kwamba nilijivuna. Kisha ndipo nikasikia aibu.

Nikamwomba aandike kwenye kitabu cha matengenezo ya gari kwamba ilikuwa oili mbaya. Maneno mawili tu, oili mbaya, nani atakufa? Kasema hapana, mama. Atakayelifungua gari hili kesho anahitaji kujua kilichotokea jana. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Kasema ndiyo, mama, anaona. Kaandika, kwa herufi kubwa kama za shule:

"Springi ya waya wa mafuta ilikabwa na uzi. Aliyefunga: mama wa mwenye gari. Umeondolewa. Injini nzima."

Kauweka uzi kwenye mfuko wa plastiki, kanikabidhi. Ndiyo desturi yake!

Nimezunguka mji mzima natafuta fundi mwaminifu. Huyu kazidi!

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kapiga simu. Bado hajakata tamaa: Jumamosi anakuja, na mnunuzi wake anakuja naye. Kasema gari likiwaka si hoja, wao watasoma kitabu kwanza, kitabu ndicho kinachosema kama gari lilitunzwa. Nikamwambia karibu, na asisahau miwani.

Nikakata simu.

Kitabu kiko kwenye meza ya cherehani. Kimeshonwa katikati kwa uzi, na uzi naujua. Naweza kuutoa ukurasa ule na mwenzake, nikashona upya, hata aliyekichapa asigundue. Nilikwisha shika mkasi. Nikaisikia sauti ya Injinia: neno lake ndilo la mwisho.

Nikaurudisha mkasi kwenye msumari wake. Nikachukua kalamu, chini ya maandishi ya Fundi Kimya nikaandika kwa mkono wangu: "Ni kweli. Uzi huo huo ulimkamata mwizi wa betri. Na fundo halikulegea." Nikatia sahihi. Wino umechafua kidogo, lakini inasomeka.

Sijui mwanangu atacheka au atanyoosha mkono aombe ufunguo wake. Mfuko wenye uzi nimeuweka juu ya kitabu, hapo hapo mezani. Gauni la bluu nimelipiga pasi. Gari nitaliendesha mwenyewe nimpokee stendi, na Shemeji atatukuta getini, mimi kwenye usukani, kama Injinia hatakuwa amesema vinginevyo.

Keshokutwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Wanakuja wote.