Saa Mbili Kutoka Kinshasa

Jumanne, mchana. Mvua imekatika, lakini bati bado linadondosha maji. Nyumba imekuwa kimya mno.

Mama alifariki Jumatano iliyopita, alfajiri, nikiwa naye peke yangu. Kulipopambazuka nilikwenda posta kumpigia simu mdogo wangu Saidi, aliye karani Kinshasa. Nilingoja laini muda mrefu. Alipopatikana alilia, kisha akaniita kama tunavyowaita wakubwa zetu: "Yaya, muningoje. Mu avion ni masaa mbili tu mpaka Lubumbashi. Kesho niko kwenu."

Nikamwambia, "Tutakungoja."

Nilijua haitawezekana. Ndege haziruki kila siku, na hata ukishuka Lubumbashi, barabara ya kuja huku Kolwezi wakati wa mvua inakula siku nzima. Na sisi Waislamu hatulazi maiti. Imamu aliponiuliza kama kuna mtu wa kungojwa, niliinamisha kichwa. "Hapana, tata," nikamjibu mzee huyo kwa heshima. "Mumuzike."

Alizikwa alasiri ile ile.

Saidi alifika Jumamosi, suruali ina matope mpaka magotini. Alikuwa amelala sakafuni uwanja wa ndege siku mbili, akisubiri kiti. Alisimama mbele ya kitanda cha mama, godoro limeshakunjwa, akauliza, "Muliningoja mpaka lini?"

"Mpaka jana," nikamjibu.

Nilimwongopea ndugu yangu wa pekee, tena ndani ya chumba cha mama.

Ruhusa yake ya kazini ilikuwa fupi. Jana asubuhi nilimsindikiza kwenye lori la Lubumbashi. Alipokwisha kukaa juu ya magunia aliinama, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Yaya, imamu alishaniambia. Balimuzika Jumatano. Juu ya nini ulinificha?"

Nikashika ubavu wa lori.

"Kumuzika, haina mubaya," akasema. "Hata mi ningefanya vile. Ni ile ya kunificha njo inaniuma."

Dereva akawasha gari. Nilibaki nimesimama pale mpaka wachuuzi wa mihogo waliponiomba nisogee.

Ndege yake ilikuwa iondoke Lubumbashi leo adhuhuri. Pengine saa hizi yuko juu ya Kasai. Wanasema toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano. Miaka yote aliyokaa kule sikuwahi kuuona huo umbali. Leo nauona.

Kwa nini nilimficha? Nimejiuliza nikifagia, nimejiuliza nikipika ugali wa mtu mmoja. Sikuogopa hasira yake. Mama ameondoka; niliogopa kwamba Saidi naye akiniacha, hakutakuwa na mtu tena duniani wa kuniita yaya.

Nimechukua karatasi na kalamu. Mstari wa kwanza nimeshauandika: "Mdogo wangu, niliogopa."

Wa pili bado sijaupata, lakini sitainuka hapa kabla sijaupata.